Lesi hii husukwa, haishonwi: Somo ajibu barua zenu

Mwezi uliopita niligusia hapa lesi ya vijiti ya Uhispania, ile inayosukwa juu ya mto mgumu wa kushindiliwa majani, na sikutarajia barua kama nilizopata. Kuna walioandika kwa kalamu, kuna waliotuma sauti kwa simu, na dada mmoja alinishika mkono Marikiti katikati ya maembe akaniuliza palepale. Kwa wasiojua, mie nilikaa Catalonia, jimbo la Uhispania, kwa mtoto wangu miezi mitatu, huko ndiko nilikokaa na akina mama wa kazi hiyo wakanifundisha, kwa hivyo mengi ninayowaambia nimeyaona kwa macho na mengine mikono yangu yenyewe imeyafanya. Haya, tuanze.

Somo shikamoo. Mie nafuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, mwaka wa kumi huu. Vidio za hao Wahispania nimezitazama mpaka bando likaisha, naona mtu ana vijiti kama arubaini vinaning'inia, mikono yaenda mbio, sindano sioni na fundo sioni. Sasa hiyo ni kufuma, ni kushona, ama ni kitu gani? – Mama wa watatu, Kibokoni

Marahaba mwanangu. Si kufuma na si kushona, hiyo ni kusuka, na ukishalishika neno hilo yale mengine yote yanafunguka. Umewahi kukaa barazani ukamtazama bibi akisuka ukili? Ana chane zake za mlala, moja inapita juu ya mwenzake, nyingine inapita chini, ukili unarefuka na yeye anazungumza mambo yake wala haangalii mikono. Basi lesi ya vijiti ni ndugu wa ukili. Ila mlala una ugumu wake, ukiuacha unakaa, uzi haukai, uzi ukiuacha unalegea, kwa hivyo kila uzi unazungushwa kwenye kijiti chake na uzito wa kile kijiti ndo unaouvuta uzi ukae sawa. Na pale nyuzi zilipopishana panachomekwa pini kwenye mto ili pasifumuke. Ukishasuka mbele ya kutosha unazichomoa pini za nyuma, lesi inajishika yenyewe bila fundo hata moja.

Wahispania vijiti hivyo wanaviita bolillos, kule Galicia wanasema palillos na mwanamke mwenye kazi hiyo ni palilleira, Wakatalani nao wanamwita puntaire. Vijiti huhesabiwa kwa jozi, manake uzi ni mmoja, ncha hii imezungushwa kijiti hiki na ncha ile kijiti kile. Ukingo mwembamba wa kitambaa cha mkono jozi kumi hivi zinatosha. Shela kubwa la hariri lataka mamia.

Na hiyo mikono inayokwenda mbio inafanya mambo mawili tu. Nakuandikia hapa uyajaribu leo hii usiku watoto wakilala. Chukua vijiti vinne, yaani jozi mbili, vihesabu kutoka kushoto, moja mbili tatu nne. Kuvusha ni kukichukua cha pili ukakipitisha juu ya cha tatu. Kupinda ni kukichukua cha pili ukakipitisha juu ya cha kwanza, na cha nne juu ya cha tatu. Nambari ni za mahali, si za kijiti, kijiti kikihama kinachukua nambari ya pale kilipofika, na hapa ndipo wengi wanapopotea kwa sababu wanakifuata kijiti kama vile kina jina lake. Vusha kisha pinda, hiyo wanaiita nusu. Vusha, pinda, vusha, hiyo inatoa kitambaa kizito kama kilichofumwa kwa mtande. Na ukirudia vusha-pinda, vusha-pinda kwa jozi zilezile mbili utaona msuko mwembamba unashuka, mfano wa msuko wa nywele za mtoto. Maua yote, majani yote, nyavu zote unazoziona kwenye vidio zimetoka kwenye mambo mawili hayo, tofauti ni jozi gani inakutana na jozi gani, na umepinda mara ngapi kabla ya pini.

Kitu kingine nataka ukiangalie vizuri kwenye vidio ni ule mto. Mto wa Kihispania ni mrefu wa mviringo kama takia, umeshindiliwa majani makavu mpaka ukiupiga ngumi unaumia wewe, na mwenyewe anausimamisha mapajani kauegemeza kwenye meza au kiti. Kwa hivyo vijiti vinaning'inia, anavichezesha viganjani bila kuvilaza. Ubelgiji na Uingereza mto unalazwa, vijiti vinatandazwa juu yake kama miale ya jua, na Waingereza wakavifunga shanga mwishoni ili visibiringike. Cha Kihispania hakina shanga, ni kijiti kitupu cha mti kimechongwa kikasuguliwa, kwa sababu kinaning'inia na hakina pa kubiringika. Ukiona tu mto umesimama unajua ni mkono wa Kihispania ama wa jirani zake.

Mwalimu, asalaam aleikum. Mie ni fundi wa nguo, wateja wangu wengi ni wa harusi na kila mtu ataka lesi. Ninavyojua mie lesi ya Uhispania ni ile mantila nyeusi, mtandio wa kichwani wa bibi wazee. Kuna la zaidi? Wasukaji wa sasa wenyewe wanapenda mitindo gani? – Fundi, Majengo

Waaleikum salaam fundi. Swali lako nilikuwa nalisubiri, nalo ndilo nitakalolijibu kwa urefu kuliko yote.

Hiyo mantila unayoisema tuianze kwanza kwa sababu inastahili heshima yake. Lesi yake inaitwa blonda, ni ya hariri, na siri yake ni kwamba ina nyuzi za namna mbili, mmoja mwembamba wa kusuka wavu wa nyuma na mmoja mnene unaong'aa wa kujazia maua. Kwa hivyo ukiishika juani maua yanametameta na wavu umetulia, ni kama yamewekwa juu ya moshi. Maua yenyewe ni makubwa, na ukingo unakwenda mawimbi mawimbi. Nyeusi wanajitanda Alhamisi na Ijumaa ya wiki ya kabla ya Pasaka, juu ya kitana kirefu kinachosimamishwa kichwani, na kwenye harusi mama wa bwana harusi wengi huivaa. Mji ulioshikana na blonda ni Almagro, bara kabisa katika nchi ya La Mancha, una jumba la makumbusho ya lesi, na zamani wanawake wa pale walikuwa wanatoa viti nje mlangoni wakasuka barabarani, sawasawa na sisi na baraza zetu. Lakini wanaosuka blonda yenyewe leo ni wachache, nakwambia ukweli, manake ni kazi ya miezi na macho yanachoka.

Sasa wengi wanasuka nini? Wengi wanaanza na mtindo unaoitwa tochoni. Hiyo ni lesi ya mistari ya mshazari, karatasi yake ya mchoro, ile ya kuchomekea pini juu ya mto, unaichora kwenye karatasi ya miraba kama ya hesabati, na ndani yake kuna mapambo yenye majina ambayo mtu wa Mombasa hapati tabu kuyakumbuka, kuna upepeo na kuna buibui. Buibui ni jozi kadhaa zinatoka huku na huku zinakutana katikati zinafanya mwili, kisha zinatawanyika tena kama miguu. Mtu anajifunza buibui wiki moja na akishaupata haachi kuutia kila mahali.

Galicia, kaskazini magharibi, kwenye pwani ambayo wenyewe wanaiita Pwani ya Mauti kwa meli zilizovunjikia pale, kuna mji wa wavuvi unaitwa Camariñas. Wanaume walikwenda baharini, wanawake wakashika vijiti. Lesi yao mie naipenda kuliko zote na sifichi. Ina nguvu, asili yake ni uzi wa kitani, imejaa yale majani madogo yaliyochongoka, nayo haiogopi kufuliwa. Kila mwaka wakati wa Pasaka kuna maonyesho makubwa pale ya lesi, na wabunifu wa mavazi huleta nguo zilizotiwa lesi ya palilleira wa mji ule zikatembezwa jukwaani, si vitambaa vya meza tu, ni magauni na makoti. Fundi kama wewe hapo ndipo ungekaa siku tatu usitoke.

Hilo jani nataka nikuonyeshe kwa karibu kidogo, kwa sababu ndilo linalomtambulisha msukaji. Ni jozi mbili, vijiti vinne. Kimoja kinakuwa mfumaji, vitatu vinakaa tu. Mfumaji anapita juu, chini, juu, anarudi chini, juu, chini, na kila anapokata kona unavivuta kidogo vile vitatu vya kukaa, vile viwili vya nje uvitanue katikati ya jani na uvibane mwishoni. Jani linanenepa kisha linachongoka. Limekuwa zuri, umefurahi, na hapo ukimwachia mfumaji ananing'inia kwa uzito wake, jani lote linajivuta na kuwa kamba. Mwalimu wangu wa Catalonia alikuwa akimaliza jani anamlaza mfumaji pembeni juu ya mto, anazitangulizia jozi nyingine kazi, na hamgusi mpaka pini iwe imekaa. Mie majani yangu ishirini ya kwanza yalikuwa kamba.

Catalonia nako kuna ret fi, lesi ya uzi mwembamba kama wa utando, miji yake ni Arenys de Mar na L'Arboç. Arenys de Mar kuna jumba la makumbusho ya lesi lililofunguliwa 1983 kwa mkusanyiko wa mchongaji sanamu Frederic Marès, ukienda Barcelona panda treni ya pwani ushuke pale, usikose.

Lakini fundi, ukiniuliza mtindo ambao nimeuona kwenye mito mingi kuliko yote, nitakwambia ni milanesi. Jina ni la Milano, Italia, lakini Wahispania wameuchukua ukawa kama wao. Huu ni utepe. Unasuka utepe mmoja wa jozi chache, nane, kumi, kumi na mbili, na utepe unakata kona, unajizungusha, unajikunja kama konokono, na pale unapokutana na sehemu uliyokwisha kuisuka unaingiza ndoano ndogo kwenye tundu la pini, unavuta kitanzi cha uzi, unapitisha kijiti cha pili ndani yake, pamefungika. Ndani ya utepe ndo kuna utamu, kila hatua unabadilisha pambo, hapa vitundu, hapa msuko, hapa mistari, na yote kwa jozi zilezile chache. Nadhani ndo sababu unapendwa. Huhitaji jozi mia tatu wala miezi kumi, jioni mbili unaona kitu kimetokea, na mtu anayefanya kazi ya ofisi mchana anaweza. Kuna na utepe wa namna ya Kirusi, huo una pambo chache ndani lakini unazunguka zaidi, nao wanaupenda.

Na wanasukia nini? Pepeo za mkono! Yaani kule upepeo wa kukunja wenye mbavu za mti bado ni kitu cha kila mkoba, kwa hivyo wanasuka lesi ya nusu duara wanaifunga juu ya mbavu, na kila msukaji niliyemjua alikuwa na upepeo wake mmoja wa kujivunia. Halafu mitandio ya mabegani, herini, mikufu, vidani vya waya mwembamba wa shaba, nguo za kubatizia watoto. Rangi zimeingia kwa nguvu. Wako wazee wanaosema lesi ni nyeupe, nyeusi au rangi ya maziwa basi, mie sikubaliani nao hata kidogo, nimeona mtandio wa milanesi wa nyuzi zinazobadilika kutoka buluu ya bahari mpaka kijani cha mwembe mchanga na kila pambo la utepe lilikuwa linasomeka vizuri zaidi kuliko likiwa jeupe.

Halafu siwezi kuacha visiwa vya Canary, ambavyo ni vya Uhispania lakini viko huku kwetu Afrika, karibu na pwani ya Morocco. Huko Tenerife kuna roseta, duara dogo kama jua, hilo halina vijiti, ni pini zimezungushwa kwenye kifaa cha duara, uzi unapita katikati kama miale na sindano inadarizi juu yake. Paraguay wana lesi ya ukoo huohuo wanaita ñandutí, neno la Kiguarani la utando wa buibui. Na kuna calado, wanachomoa nyuzi za kitambaa wanachokitandika kwenye fremu kisha wanazifunga zilizobaki kwa mapambo. Mwanamke wa Lamu anayeshona kofia za vito akioneshwa calado ataikaribisha, kazi ya kutia uzuri kwenye tundu anaijua.

Kwa ushauri wa kazi yako basi, bibi harusi wa hapa kwetu na joto hili usimpe wavu mzito wa hariri mwili mzima. Ukingo wa lesi ya uzi wa pamba kwenye mtandio na kwenye mikono ya gauni, utepe wa milanesi mabegani, imetosha na inaonekana.

Somo, nilinunua shela la binti yangu nikaambiwa ni lesi ya mkono kutoka Uhispania, bei ilikuwa ya kunitoa machozi. Nitajuaje kama ni kweli? – Mama wa bibi harusi, Kisauni

Pole dadangu. Na mie yalinikuta, duka moja mjini, jina nalihifadhi, niliuziwa kitambaa cha meza cha "mkono" na nilipokifua mara ya pili ukingo ukaanza kutoa nyuzi fupi fupi kila mahali, nikajua imekatwa kwa mkasi kutoka roli.

Chukua kioo cha kukuzia, au simu ukuze kwa kamera. Tazama pale penye ua palipojaa. Lesi ya vijiti nyuzi zinapishana juu-chini kama mkeka, unaziona zinakuja kutoka kwenye wavu, zinaingia kwenye ua, zinatoka upande wa pili. Ukiona vitanzi vidogo vimeshikana kama mnyororo, kama vya fulana, hiyo ni mashine. Ukiona uzi mmoja umepigwa pigwa juu una manyoya, hiyo ni darizi ya mashine ambayo kitambaa chake cha chini kimeyeyushwa. Kisha tafuta kosa. Mkono unakosea, lakini unakosea mahali tofauti, ua la tatu limekaza kidogo, ua la saba limelegea. Mashine ikikosea, kosa lilelile linarudi kila baada ya ua, umbali uleule. Na ukingo wa lesi ya mkono ni wa kusukwa, haukukatwa.

Bei nayo inasema. Lesi ya mkono inakwenda sentimita chache kwa saa. Shela zima la mkono kwa bei ya kitanda haliwezekani, huyo aliyelisuka atakula nini?

Je kazi hii inalipa? – Msichana, Likoni

Kwa kifupi mwanangu, kule kwenyewe wengi hawali kwa kazi hii, wanaipenda tu. Wanaolipwa vizuri ni walimu wa kufundisha, wanaochora karatasi mpya za mitindo, na wachache wanaosukia wabunifu wa mavazi. Tangu zamani malipo yalikuwa madogo, na kuna ushahidi mzuri sana wa hilo. Kwenye Don Quijote, riwaya maarufu ya Kihispania, sehemu ya pili iliyotoka 1615, mke wa Sancho Panza, mtumishi wa Don Quijote, anamwandikia mumewe barua kwamba binti yao Sanchica anasuka lesi, anapata maravedi 8 kwa siku, sarafu za zamani za huko, na anazitia kwenye kibubu zimsaidie kwa vyombo vya arusi yake. Yaani msichana wa Uhispania miaka mia nne iliyopita alikuwa anafanya vile mabinti wetu wanavyofanya na pesa za hina. Mie sikwambii uache, nakwambia anza nayo jioni, kazi yako nyingine uishike.

Somo, nimesikia Wareno waliojenga Fort Jesus walikuwa chini ya mfalme wa Uhispania. Kuna chochote cha nguo walichotuachia? – Mwanafunzi, Tononoka

Umesikia sawa. Ngome ilianza 1593, na wakati huo Ureno na Uhispania walikuwa na mfalme mmoja, Felipe wa Pili. Cha nguo walichotuachia umekivaa, ama mama yako amekivaa leo asubuhi. Ni neno leso. Kireno ni lenço, na Kihispania ndugu yake ni lienzo, maneno yote mawili yametoka kwenye neno la Kilatini la kitambaa cha kitani. Na kumbukeni, kule juu nilisema vusha-pinda-vusha inatoa kitambaa kizito. Wahispania mtindo huo wa vijiti wanaweza kuuita lienzo. Mwalimu wangu alipolitaja mara ya kwanza nilinyanyua kichwa, nikafungua mkoba nikatoa leso yangu nikaitandaza juu ya mto wake, nikamwambia na sisi tunaiita hivi. Alilishika lile pindo akalisoma kwa vidole, akaniuliza maandishi yanasema nini. Nikamtafsiria. Wenzake wakaacha vijiti wakaja.

Hapo tulikuwa kwenye mkusanyiko wa puntaire, na nautaja kwa sababu watu wengi mmeniuliza. Kuna siku, miezi ya joto hasa, mji mmoja unaalika wasukaji wa miji ya jirani, meza zinapangwa mstari mrefu uwanjani au ufukweni, kila mtu na mto wake, wapo wanawake wa kila umri na siku hizi wapo na wanaume. Hakuna mashindano. Watu wanasuka, wanabadilishana karatasi za mitindo, wanakula. Na sauti ya vijiti mamia kwa mamia vikigongana ni ile ya kete za bao zikimwagwa, lakini haziishi kumwagwa.

Nataka kuanza na sina pesa ya kuagiza vitu ng'ambo. Nifanyeje? – Dada, Mwembe Tayari (na wengine kumi na mmoja)

Usiagize kitu. Mto, shona mfuko wa marekani imara wa mviringo urefu wa mkono wako, ushindilie majani makavu, mie nilitumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na yanashika pini vizuri sana, shindilia mpaka mikono iume kisha ongeza. Vijiti, anza na vibanio vya nguo vya mti, vinauzwa dazeni, toa ile springi ubaki na vipande viwili, tayari una jozi. Baadaye ukipenda nenda kwa wachongaji wa Changamwe uwaonyeshe picha. Karatasi, tumia boksi jembamba, chora miraba, toboa matundu kwa sindano nene kabla ya kuanza, usitoboe huku unasuka. Wahispania karatasi yao wanaiita picado, na nyingi nilizoziona zilikuwa rangi ya manjano ya zafarani ili uzi mweupe uonekane bila kuumiza macho, kwa hivyo na wewe paka manjano.

Uzi wa kroshia wa pamba namba 20 unafaa kwa kuanza, nambari ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Ukifika pahali pa kujaribu kitani, sisi watu wa pwani tuna bahati, kitani kinapenda unyevu, kikikauka kinakatika.

Ila unyevu huohuo ni adui wa pini. Tafuta za shaba nyeupe au zisizoshika kutu. Mie nilirudi kutoka Catalonia na pini za kawaida, nikasuka ukingo wa kitambaa cha mkono karibu robo tatu, nikasafiri Malindi siku kumi kwa msiba nikauacha mto dirishani. Niliporudi kila pini ilikuwa imeweka duara la kutu kwenye uzi mweupe, madoa madogo yamepangika safi kufuata mchoro. Nilipaka ndimu na chumvi nikaanika juani, yakafifia, hayakuisha. Kitambaa kile ninacho mpaka leo.

Nimeanza kwa vibanio kama ulivyosema kwenye simu, lakini nikikosea sijui nirudi vipi, nakata nakuwa naanza upya. Mara nne sasa! – Mama, Bondeni

Usikate mama! Lesi hii inarudi nyuma. Ulivyofanya mwisho ndo unakifungua kwanza. Kama mwisho ulivusha, cha pili kikaenda juu ya cha tatu, sasa kichukue kile kilichoko mahali pa tatu ukirudishe pa pili juu ya mwenzake. Kama ulipinda, kilichoko mahali pa kwanza kirudi pa pili kwa juu, na cha tatu kirudi pa nne kwa juu. Rudi hivyo polepole mpaka kwenye pini ya kosa, ichomoe, nyosha nyuzi kwa vidole, hesabu jozi kutoka kushoto kwa sauti. Mara nyingi utakuta jozi mbili zimebadilishana mahali tangu mistari miwili nyuma, pale ulipoitikia hodi. Zirudishe, tia pini kwenye tundu lake, ivuke uendelee.